Kidole Gumba Kinajua Nini? Sayansi na Historia ya Uchapaji wa Mifuo

Maharage yanapokwisha kupigwa na kupepetwa huko Titye, wilayani Kasulu, wanunuzi hupanda milima na magari yao, nao wakulima huteremsha madebe yao barabarani. Katika msimu mmoja wa namna hiyo nilikuwa Titye kwa kazi ya kuzungumza na walimu wa sayansi juu ya majaribio yanayoweza kufanywa pasipo maabara kamili. Jioni moja mama mjane, aliyekuwa ameuza madebe mawili ya maharage, alikwenda dukani kununua sare na madaftari ya mwanawe. Mwenye duka alizishika noti zake za shilingi 10,000, akazitandaza juu ya meza, kisha akamrudishia tatu. Zilikuwa za bandia. Mnunuzi alikwisha kuondoka zamani, wala hakuna aliyejua jina lake.

Kwa kuwa noti ya bandia hairejeshewi thamani na mtu yeyote, mama yule alikuwa amewapa wageni jasho la miezi mitatu kwa karatasi tupu. Siku ya pili binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alinifuata nje ya darasa. “Shikamoo Mwalimu,” akasema. “Mwenye duka hakutumia taa wala miwani. Alipitisha kidole gumba tu. Kidole chake kilijua nini ambacho macho ya mama hayakukijua?”

Ndugu msomaji, makala haya ni jibu la swali hilo. Jibu lenyewe linaanzia katika karakana za wahunzi wa dhahabu wa Ulaya zaidi ya miaka 500 iliyopita, nalo linaishia katika chumvi ya Uvinza na nta ya Kibondo.

Matuta na mifereji

Yako makundi makuu matatu ya uchapaji kwa bamba, na mkulima wa milima ya Kigoma anaweza kuyaelewa kwa kulitazama shamba lake. Tuseme shamba la matuta ndilo bamba. Ukipitisha rola yenye wino juu ya shamba hilo, wino utashika migongo ya matuta peke yake, na mifereji itabaki mikavu. Ukilaza karatasi juu yake, karatasi itapokea sura ya matuta. Huo ndio uchapaji wa mwinuko. Muhuri wa shule ni wa jamii hii, na vivyo hivyo herufi za risasi zilizotumiwa na wapiga chapa wa zamani.

Katika kundi la pili bamba ni tambarare kabisa, mfano wa uwanja wa mpira. Mahali penye picha hupenda mafuta na kukataa maji. Mahali pasipo picha hupenda maji na kukataa mafuta. Hii ndiyo litografia, aliyoivumbua Mjerumani Alois Senefelder katika miaka ya 1790, na mtoto wake ni uchapaji wa ofseti unaochapa vitabu vingi vya kiada vya leo.

Kundi la tatu ni kinyume cha la kwanza. Mvua ikinyesha shambani, maji hayakai juu ya matuta bali hutuama mifereji. Vivyo hivyo, katika uchapaji wa mifuo, ambao kwa lugha za Ulaya huitwa intalio, picha huchimbwa ndani ya bamba la metali. Wino mzito hupakwa juu ya bamba zima na kusukumwa uingie kila mfuo. Kisha uso wa bamba hupanguswa mpaka ung’ae, na wino hubaki mifuoni tu. Karatasi iliyoloweshwa kidogo hulazwa juu ya bamba, na vyote viwili hupitishwa katikati ya rola mbili zenye nguvu. Karatasi laini husukumwa ndani ya mifuo, huukumbatia wino ulioko humo, na kutoka nao.

Kutokana na maelezo hayo mwanafunzi atatambua siri ya kidole gumba. Katika litografia wino hulala juu ya karatasi kama utandu mwembamba. Katika intalio kila mstari wa picha ni ukuta mdogo wa wino uliosimama juu ya karatasi, na karatasi yenyewe imefinyangwa kufuata umbo la mfuo. Ukuta huo una kimo cha sehemu chache za mia za milimita, lakini ncha ya kidole cha binadamu, yenye neva nyingi za hisia, huweza kutambua mwinuko mdogo kuliko huo. Mtu mwenye kuigiza noti kwa mashine ya kawaida ya kompyuta hupata rangi na sura, lakini hapati ukuta. Macho ya mama yalidanganyika kwa sababu macho huona rangi. Kidole hakidanganyiki kwa rangi.

Kwa nini rola?

Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Mtu mwenye uzito wa nyuton 600, aliyesimama kwa nyayo zenye eneo la jumla la sentimita za mraba 300, huisukuma ardhi kwa kanieneo ya paskali 20,000 tu. Sasa tuchukue rola yenye urefu wa sentimita 50 inayogusa bamba kwa ukanda wenye upana wa nusu sentimita. Eneo linaloguswa ni sentimita za mraba 25. Rola hiyo ikisukumwa kwa kani ya nyuton 10,000, kanieneo itakuwa paskali 4,000,000, yaani takribani mara 40 ya kanieneo ya angahewa. Mashine inayobonyeza bamba zima kwa mara moja ingehitaji kani kubwa mno kufikia kiasi hicho. Rola hufaulu kwa sababu hushughulikia ukanda mwembamba mmoja baada ya mwingine.

Kutoka mapambo hadi picha

Wahunzi wa dhahabu wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuchonga mapambo juu ya vyombo na kuijaza mifuo kwa mchanganyiko mweusi. Kutoka hapo hadi kukandamiza karatasi juu ya mchongo haikuwa safari ndefu. Mwandishi wa Kiitalia Giorgio Vasari, katika karne ya 16, alimpa sifa ya uvumbuzi huo Maso Finiguerra wa Florence. Lakini yako machapisho ya Kijerumani yaliyotangulia, na la zamani zaidi lenye tarehe ni la mwaka 1446. Hapana budi kukumbuka kwamba uvumbuzi mwingi ni wa namna hii: kazi za mikono mingi hupewa jina la mtu mmoja.

Njia ya kwanza ilikuwa kuchonga kwa burini, yaani patasi ndogo ya chuma cha pua yenye ncha ya pembe nne. Fundi huisukuma mbele na kutoa uzi wa shaba, kama mtu anayelima mtaro kwa jembe dogo mno. Albrecht Dürer wa Nürnberg aliifikisha njia hiyo kileleni. Picha yake maarufu ya Melencolia I ni ya mwaka 1514. Njia ya pili ni ya sindano kavu: bamba hukwaruzwa kwa sindano, na kingo zenye makapi ya metali hushika wino na kutoa mstari laini kama mahameli. Makapi hayo hulala upesi chini ya rola, kwa hiyo bamba la namna hiyo hutoa nakala chache tu nzuri.

Njia ya tatu ilitoka kwa mafundi wa deraya na silaha, waliokuwa wakichora mapambo juu ya chuma kwa asidi. Daniel Hopfer wa Augsburg ni miongoni mwa waliotangulia kuitumia kwa picha za karatasi, yapata mwaka 1500. Bamba hufunikwa kwa utando wa nta, fundi huchora kwa sindano akiufunua uso wa metali, kisha asidi hula mahali palipofunuliwa. Mkono hauhitaji tena nguvu ya kuchimba, kwa kuwa kemia ndiyo inayochimba. Mholanzi Rembrandt van Rijn, aliyeishi kuanzia 1606 hadi 1669, alitengeneza michoro ipatayo 300 kwa njia hiyo.

Lakini mistari peke yake haitoi kivuli laini. Mwaka 1642 Ludwig von Siegen alitoa picha ya kwanza ya mezotinta, ambamo bamba zima hukwaruzwa mpaka litoe weusi mtupu, kisha fundi hulisugua mahali anapotaka mwanga. Katika miaka ya 1760 Mfaransa Jean-Baptiste Le Prince aliistawisha akwatinta: vumbi la ulimbo hunyunyizwa juu ya bamba na kuyeyushwa kwa moto, na asidi hupenya katikati ya chembe hizo ikiacha vishimo vidogo visivyohesabika. Mhispania Francisco Goya aliitumia katika mkusanyo wake wa mabamba 80, Los Caprichos, uliotolewa mwaka 1799.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Ubelgiji, nilipata kuzuru jumba la makumbusho la Plantin-Moretus mjini Antwerp, ambako mabamba ya shaba ya karne ya 16 na ya 17 yamehifadhiwa hadi leo. Jambo lililonigusa ni kwamba bamba ni picha iliyogeuzwa: kulia ni kushoto na kushoto ni kulia. Fundi hana budi kufikiri kinyume siku zote.

Mifuo iliyofika Buha

Msomaji aweza kudhani kwamba haya yote ni mambo ya Ulaya tu. Sivyo. Milima ya Buha imepokea intalio kwa zaidi ya karne moja, kwa njia ya stempu za barua.

Mmarekani Jacob Perkins alikuwa amevumbua njia ya kuchonga juu ya chuma cha pua na kuuhamisha mchongo mmoja katika mabamba mengi. Kampuni yake mjini London ndiyo iliyochapa stempu ya kwanza ya posta duniani, mwaka 1840. Tangu hapo serikali nyingi zilichagua intalio kwa stempu na noti, kwa sababu ni njia ngumu kuigiza. Stempu kubwa za Afrika Mashariki ya Kijerumani, zenye picha ya merikebu ya Kaisari, zilikuwa za mifuo. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka Kigoma, na Buha ikawa chini yao mpaka 1921. Wakatumia stempu za Kongo zilizochapwa kwa mifuo na kampuni ya Waterlow ya London, zenye picha kama bandari ya Matadi na maporomoko ya Stanley, na juu yake yakagongwa maneno ya Kifaransa na Kiholanzi yenye kutangaza kwamba nchi iko chini ya utawala wa Wabelgiji. Maneno hayo yaliyogongwa juu hayakuwa ya mifuo. Hivyo kipande kimoja cha karatasi kilibeba njia mbili za uchapaji, na utawala mpya juu ya ule wa zamani.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika walitoa mwaka 1922 stempu za kichwa cha twiga, nazo pia za mifuo. Mwaka 1935 zikafuata stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika ile ya senti 5, yenye picha ya jahazi katika Ziwa Victoria, mchongaji aliacha kamba bila kuifikisha kwenye tanga, na baadaye mchongo ulirekebishwa. Wakusanyaji wa stempu huzitafuta nakala zote mbili. Funzo lake ni hili: kosa la kalamu huharibu barua moja, kosa la bamba huzaliwa upya katika kila nakala.

Wakati huohuo tusichanganye mambo. Picha mashuhuri ya Stanley akikutana na Livingstone huko Ujiji, iliyomo katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1872, mara nyingi husemwa kuwa ni ya mchongo wa aina hii. Hiyo ilichongwa juu ya mti na kuchapwa kwa mwinuko, pamoja na herufi za kitabu. Si kila mchongo ni intalio. La kuuliza ni wino ulikaa wapi.

Baada ya uhuru sanaa hii ilipata nyumba yake hapa nchini. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa mjini Dar es Salaam. Humo vijana wengi walijifunza kuchora juu ya mabamba na kuyala kwa asidi, miongoni mwao George Lilanga, Robino Ntila na Patrick Francis Imanjama. Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alijulikana duniani kwa mashetani yake ya Kimakonde, nayo yaliingia katika mifuo ya mabamba kama yalivyoingia katika mpingo na rangi.

Asidi, chumvi na mrututu

Kwa karne nyingi mafundi walitumia asidi ya nitriki. Ikigusa zinki au shaba hutoa gesi ya rangi ya kahawia, naitrojeni dayoksaidi, inayodhuru mapafu. Wengi walivuta gesi hiyo miaka mingi pasipo kujua gharama yake. Tangu miaka ya 1990 mafundi wa Ulaya, wakiwamo Cedric Green na Friedhard Kiekeben, walieneza njia isiyohitaji asidi hiyo: maji, mrututu na chumvi ya kawaida.

Mrututu ni salfeti ya shaba, ileile inayotumiwa na wakulima wa kahawa kuzuia magonjwa ya majani. Katika mfululizo wa metali, aluminiamu na zinki ziko juu ya shaba. Kwa hiyo huisukuma shaba nje ya mmumunyo na kuchukua mahali pake:

2Al + 3CuSO4 → Al2(SO4)3 + 3Cu

Chumvi ina kazi gani? Aluminiamu hujifunika kwa utando mgumu wa oksidi unaoizuia isiliwe. Ayoni za kloraidi zilizomo katika chumvi huuvunja utando huo na kufungua mlango. Ndiyo sababu mrututu peke yake huchelewa kuila aluminiamu, lakini ukiongezwa chumvi kazi huanza mara moja.

Jaribio la darasani

Tulilifanya jaribio hili Titye, na mwalimu yeyote aweza kulirudia chini ya usimamizi wake mwenyewe.

1. Chukua kipande cha bamba la aluminiamu, kama vile bamba la ofseti lililokwisha kutumika au mfuniko wa sufuria uliopondwa ukawa tambarare. Lisugue kwa majivu mpaka ling’ae, kisha usiliguse kwa vidole.

2. Lipashe moto kidogo na ulipake nta ya nyuki, nyembamba na sawasawa, mbele na nyuma. Nta tuliyotumia ilitoka Kibondo.

3. Nta ikipoa, chora kwa sindano mpaka metali ionekane. Kumbuka kuandika herufi kinyume.

4. Yeyusha gramu 50 za mrututu na gramu 50 za chumvi katika lita moja ya maji, ndani ya chombo cha plastiki. Chumvi yetu ilikuwa ya Uvinza. Tumbukiza bamba. Shaba nyekundu itatokea mifuoni pamoja na mapovu ya hidrojeni, na maji yatapata joto. Iondoe shaba kwa unyoya, na kila baada ya dakika mbili au tatu toa bamba, lisuuze na ukague kina cha mifuo.

5. Ondoa nta, paka wino mzito wa mafuta, pangusa kwa chachi, laza karatasi yenye unyevu, na sugua mgongo wake kwa kijiko. Kani ya nyuton 50 juu ya sentimita moja ya mraba ni paskali 500,000, nayo yatosha kwa mifuo ya darasani.

Wanafunzi waliuliza kama masizi yaliyokorogwa kwa mawese yangefaa kuwa wino. Hayafai, kwa kuwa mawese hayakauki. Mafuta ya mbegu za kitani hukauka, kwa sababu molekuli zake zina viungo maradufu vingi vinavyoshikamana kwa msaada wa oksijeni.

Jaribio lifanyike mahali penye hewa, mbali na moto, na kwa glavu. Mrututu ni sumu: chombo kilichotumika kisirudi jikoni kamwe, na maji yaliyobaki yasimwagwe mtoni, maana shaba huua samaki. Acha vipande vya aluminiamu ndani yake mpaka rangi ya buluu iishe, ongeza magadi mpaka mapovu yakome, uache mashapo yatuame, kisha uyafukie mbali na kisima.

Kosa langu

Nilipomaliza kueleza haya nilijiona nimeshinda. Mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza dirishani akanyoosha noti ya shilingi 5,000, kuukuu, iliyofungwa muda mrefu katika pindo la nguo. Nikapitisha kidole gumba. Ilikuwa laini kama jani la mgomba. Mbele ya darasa zima nikamwambia, “Mzee, pole, hii ni ya bandia.” Uso wake ukabadilika.

Yule binti wa mama mjane akaiomba ile noti, akaielekeza kwenye jua. Sura ya Mwalimu Nyerere ikajitokeza katika alama ya maji, na uzi wa usalama ukaonekana umepita ndani ya karatasi yenyewe. “Mwalimu,” akasema kwa adabu, “si umetufundisha kwamba ukuta wa wino husimama juu ya karatasi? Kitu kilichosimama huweza kusuguliwa kikaisha.”

Alikuwa na haki, nami nikamwomba mzee radhi papo hapo. Mwinuko wa intalio ni ushahidi mzuri katika noti mpya, lakini jasho, mikunjo na miaka huuondoa. Tena mtu mwovu aweza kuikwaruza karatasi ili ipate mparuzo wa uongo. Kwa hiyo noti ipimwe kwa njia zaidi ya moja: iguswe, itazamwe kwenye mwanga, igeuzwegeuzwe, na ilinganishwe na nyingine isiyo na shaka. Kipimo kimoja hakitoshi, hata kikiwa mikononi mwa mwenye shahada.

Kabla sijaondoka Titye, wanafunzi walichora bamba moja na kuchapa nakala 20 za tangazo la kubandika gulioni. Juu yake palikuwa na picha ya mkono ulioshika noti, na maneno matatu: Gusa, Tazama, Linganisha. Mchoraji alikuwa amesahau kuligeuza neno la mwisho, likatoka kinyume katika nakala zote. Walitaka kulitupa bamba. Nikawashauri walichore upya, lakini wabakize nakala moja ukutani mwa darasa. Ile nyingine, iliyo sahihi, niliiona asubuhi ya safari yangu ikiwa imebandikwa karibu na mizani ya maharage, na mama mmoja amesimama mbele yake akiipapasa noti kwa kidole gumba kabla hajafungua mdomo wa gunia.